Kukata Kisiki

Ijumaa, saa mbili usiku, ghorofa ya pili,
chama cha akiba na mikopo cha wakulima, Moshi.
Uani mlinzi Lyatuu anachoma mahindi.
Kompyuta themanini na tatu zimelala
na ni mimi tu niliye na ruhusa ya kuziua.

Kufuta ni rahisi. Unachagua kundi, unabofya,
mashine zinazima, zinaamka,
zinanyonya mfumo mpya kutoka kwenye seva:
safi, bila virusi, bila mchezo wa karata wa Temu wa stoo.
Rahisi mno. Ndiyo maana mkono wangu
unakaa mbali na kipanya
kama mbali na kisu cha watu.

Mama alikuwa na mibuni mia nne kule Uru.
Ikichoka aliikata, kisiki cha kimo cha goti,
msumeno ameulaza ili mvua iteleze, isiozeshe.
Lakini hakukata shamba. Alikata mstari,
na kila shina akaliachia tawi moja la kulisha mizizi,
kisha akangoja machipukizi.
Jirani yetu alikata yote mwaka mmoja.
Miaka miwili akanywa chai.

Kwa hiyo nilianza na yangu.
Niliifuta, nikakaa siku nne kama mgeni nyumbani kwangu
mpaka nikagundua printa ya hundi haitambuliki.
Nikarekebisha. Kisha tatu za mapokezi.
Leo arobaini. Rombo na Machame wangoje:
waya wao mwembamba, ukikatika katikati ya kazi
unaacha mashine isiyo hai wala maiti.

Orodha naisoma kwa kidole.
Jina, chumba, nakala imechukuliwa lini.
Sawa. Sawa. Sawa. Ya thelathini na moja:
HAIKAELI. Nakala: hakuna.

Haikaeli tulimzika Machi, Kibosho, matope mpaka kwenye vifundo.
Kwenye orodha yeye ni mashine kama mashine,
alama ya tiki tayari imewekwa, na mimi ndiye niliyeiweka.
Nikaitoa. Nikachukua tochi.

Ilichukua dakika sita kuwaka, ikikoroma.
Kati ya kioo, faili moja: "wadaiwa, soma kwanza".
Nilitarajia hesabu, na hesabu zilikuwepo,
ila pembeni mwa kila jina alikuwa ameandika:
huyu mumewe humficha barua, mpigie mchana;
huyu atalipa kahawa ikiuzwa, asitishwe;
huyu alishalipa, kosa ni letu, nimeshasema mara mbili.
Watu mia na kumi na wawili.
Nilisoma wote, nimesimama, koti sijavua.

Nikanakili. Nikanakili tena, diski nyingine.
Nikaifungua ile nakala kwenye mashine ya jirani,
kwa sababu nakala isiyofunguliwa ni uvumi.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mshahara wangu ni wa kukinga ndoo kabla.

Saa tano umeme ulicheza. Betri zikalia, zikashika.
Saa saba, thelathini na tisa zilikuwa zimeamka.
Moja iligoma: kebo imegugunwa na panya,
na kwa panya sina mfumo.

Ya Haikaeli ikauliza jina.
Mshale ukapepesa, ukapepesa.
Kanuni inasema MIKOPO-04.
Nikaandika MIKOPO-04.
Ile faili nikaiweka palepale, kati ya kioo,
ili afisa mpya, awe nani, aikute
kabla hajamwinulia mtu simu.

Nje mlima hauonekani, baridi yake ndiyo imeshuka.
Lyatuu aliniwekea hindi moja. Limepoa.
Nikalila hivyo hivyo, kwenye ngazi.
Jumatatu, saa mbili na dakika tano,
nitajua nimesahau printa ya nani.